Miguu ya Mwenye Ugonjwa wa Sukari, na Hatari ya Soksi za Kubana

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Kamati iliponiita nilidhani nitatakiwa kuzisoma hesabu za mwaka, maana hiyo ndiyo kazi niliyoizoea. Bwana Mwenyekiti akaniambia, "Hesabu watazisoma wenyewe kitabuni. Wewe tusemee habari za miguu." Sikushangaa, kwa kuwa yeye aijua sababu, nanyi mtaijua punde. Mimi si daktari wala si muuguzi. Ni karani tu. Niliyo nayo nimeyapata kwa kuuliza, kwa kusoma, na kwa kuketi siku nyingi kando ya kitanda cha hospitali. Bibi Muuguzi aliyeketi hapa mbele ameyapitia maandishi yangu kwa kalamu nyekundu, na kila nilipopotoka amenirudisha njiani. Kwa hiyo mkisikia neno la maana, shukrani zimwendee yeye.

Katika daftari la misaada, ambalo huandikwa kwa mkono wangu, kila msaada una safu ya sababu. Nilipokuwa nikijumlisha kwa ajili ya kitabu hiki cha mwaka, niliona neno "mguu" likirudi mara nyingi kuliko nilivyotazamia. Huyu amekatwa kidole. Yule amekatwa chini ya goti. Mjane wa fulani asaidiwe nauli ya kwenda kufungwa kidonda. Twalipa nauli, twalipa kitanda, na mara nyingine mwisho wake twalipa sanduku. Lakini sijapata kuandika hata siku moja kwamba Chama kimetoa shilingi kwa ajili ya kuutazama mguu ulio mzima bado.

Ugonjwa wa sukari si wa wachache tena, wala si wa matajiri na wanene peke yao kama tulivyokuwa tukiambiana. Shirikisho la kimataifa linaloshughulikia ugonjwa huu lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa nao, yaani karibu mtu 1 katika kila 9. Nataka kueleza kwanza kwa nini ugonjwa ulio katika damu humalizia ukali wake miguuni.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu vitu viwili. Cha kwanza ni mishipa ya fahamu, ile ipelekayo habari za maumivu, joto na baridi kutoka mwilini hadi kwenye ubongo. Mishipa iliyo mirefu kuliko yote ndiyo ile ya kwenda miguuni, na hiyo ndiyo itanguliayo kufa. Mtu huanza kwa kuhisi kama sindano, au moto wa usiku, au kana kwamba anakanyaga pamba. Halafu hahisi kitu, naye hudhani amepona. Cha pili ni mishipa ipelekayo damu. Hiyo huwa migumu na myembamba kama bomba la zamani lililoshika chumvi, na damu ifikayo vidoleni huwa haba. Basi mguu wa kwanza hujeruhiwa bila kujua, na mguu wa pili hauna damu ya kuponya jeraha. Mkosi hasa ni kwamba mara nyingi miguu hiyo miwili ni mguu mmoja.

Alikuwako daktari mmoja Mwingereza, Paul Brand, mwana wa wamisionari, aliyefanya kazi katika hospitali ya Vellore, Bara Hindi, tangu mwaka 1946. Aliwatibu watu wenye ukoma. Siku hizo watu wengi waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio ulao vidole. Brand akaona kuwa sivyo: ugonjwa huua fahamu, na mengi yafuatayo ni majeraha ya kawaida ambayo mwenyewe hakuyasikia. Mtu alishika sufuria ya moto. Mtu alitembea na msumari kiatuni mchana kutwa. Wengine vidole vyao vililiwa na panya usiku wakiwa wamelala, hata wagonjwa wakapewa paka wa kulala nao. Mwaka 1966 alihamia Carville, huko Louisiana, Marekani, na hekima ile ya ukoma ikatumika kwa miguu ya watu wa sukari, kwa kuwa mguu usio na fahamu ni mmoja, uwe umetiwa ganzi na ugonjwa huu au ule. Aliandika kwa wingi kwamba maumivu ni zawadi. Niliposoma hayo kwa mara ya kwanza nilidhani ni maneno ya mahubiri. Sasa sidhani hivyo.

Mama yangu alitambuliwa kuwa na ugonjwa wa sukari mwaka 2012. Ni mkulima wa milimani kwetu Taita, mtu wa kupanda na kushuka makonde tangu alfajiri, na miguu yake ndiyo gari lake. Mwaka 2021, karibu na Krismasi, dada yangu alinipigia simu kunieleza kuwa miguu ya mama inavimba kila jioni, hata ukiibonyeza alama ya kidole hubaki. Nami nikiwa hapa Mombasa nikaona nimepata nafasi ya kumpelekea mama zawadi ya maana. Nikaingia duka moja, nikaeleza haja yangu, nikapewa soksi ndefu nyeusi, za kubana sana, ndani ya kifuko chenye picha ya mguu mzuri. "Hizi ndizo za sukari," akasema muuzaji. Sikuulizwa kipimo cha mguu wala jina la daktari aliyeziagiza. Na mimi, mtu nisiyetia sahihi hati ya mizigo kabla ya kuisoma mara mbili, sikuyasoma maandishi madogo nyuma ya kifuko. Nilipanda gari la kwenda nyumbani kwa fahari.

Mama alizivaa siku nane. Kwa kuwa aliipenda zawadi ya mwanawe hakuivua hata usiku. Zilikuwa ndefu kuliko muundi wake, basi akazikunja mara mbili chini ya goti. Nilikwisha kurudi kazini, na kila nilipompigia simu kumwuliza habari za soksi alinijibu, "Haziniumi hata kidogo, mwanangu. Mungu akubariki." Nami nikafurahi. Laiti ningalijua kuwa jibu lile ndilo lililopasa kunitia hofu! Siku ya tisa dada yangu alisikia harufu. Alipozivua soksi aliona pale zilipokunjwa pamekuwa na mfereji mweusi uliouzunguka mguu, na kidole kidogo kimegeuka rangi, na kando yake kidonda kitoacho usaha. Dada yangu alipiga kelele. Mama alikitazama kidonda kile kama mtu atazamaye mguu wa jirani.

Kidole hicho hakikupona, wala cha pili kilicho jirani yake. Vilikatwa Januari 2022. Chama hiki kilitusaidia, na msaada ule niliuandika mimi mwenyewe daftarini, katika safu ya sababu: "mguu". Neno "soksi" sikuliandika. Leo nalisema mbele yenu. Mama yu hai, anatembea, na ndiye aliyenipa ruhusa. Aliniambia, "Waambie, lakini usiwaambie ni ujinga wa mama yako. Waambie ni ujinga wetu sote wawili."

Naongeza jambo moja, kisha nitaliacha. Kwa miaka 9 mama alihudhuria kliniki moja ambayo sitaitaja. Alipimwa damu, akapewa vidonge, akaambiwa apunguze chai ya sukari. Hakuna hata mara moja aliyeambiwa, "Mama, hebu vua viatu." Najua benchi lilikuwa limejaa, na muuguzi alikuwa mmoja. Lakini nasi tusingoje kuambiwa. Mwenye sukari akifika kliniki na avue viatu mwenyewe, aiweke miguu mahali inapoonekana. Ni vigumu kwa mtu kuupita mguu mtupu asiuangalie.

Sasa nieleze habari za soksi, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotezwa, hata wenye elimu. Kuna soksi za aina mbili, nazo huuzwa kwa jina moja. Zile zifaazo kuitwa soksi za sukari ni soksi zilizolegea: hazina lastiki ya kukaza juu, hazina mshono mnene wa kusugua vidole, na mara nyingi ni nyeupe, ili damu au usaha ukitoka uonekane upesi. Hizo hazina hatari. Aina ya pili ni soksi za kubana, nazo si nguo bali ni dawa. Na dawa ina kipimo chake na mtu wake.

Kazi ya soksi za kubana ni kuisaidia damu ipande kurudi moyoni. Hukaza zaidi kwenye kifundo cha mguu, halafu hulegea kidogo kidogo kuelekea goti. Conrad Jobst, mhandisi wa Toledo, Marekani, ambaye mwenyewe aliugua mishipa ya miguu, alitambua kuwa miguu yake hupata nafuu akisimama ndani ya bwawa la kuogelea. Akafikiri kuwa maji hukaza zaidi kadiri unavyozidi kwenda chini, na kwa fikira hiyo, katikati ya karne iliyopita, akatengeneza soksi za namna hiyo. Nguvu yake hupimwa kwa milimita za zebaki, kama tunavyopima msukumo wa damu. Ziko nyepesi za 15 hadi 20, za kadiri za 20 hadi 30, na kali za 30 hadi 40. Nilipokuja kuyasoma yale maandishi madogo, soksi nilizomnunulia mama zilikuwa za 30 hadi 40.

Basi tazameni. Ikiwa mishipa ipelekayo damu ni mizima, kubana kunasaidia. Ikiwa imekwisha kuwa myembamba, na damu yafika vidoleni kwa shida, kuikaza kwa nje ni sawa na kukanyaga mpira wa maji ambao tayari umekunjika. Kwa hiyo kabla ya soksi za kubana kuvaliwa na mwenye sukari, damu ya miguuni haina budi kupimwa. Mganga hutafuta kwa vidole mapigo mawili, juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Kisha hupima msukumo wa damu kifundoni na mkononi, akaugawa wa kifundo kwa wa mkono. Hesabu yake ni nyepesi: mkono ukiwa 140 na kifundo 112, jawabu ni 0.8. Jawabu likiwa chini ya 0.9, mishipa ina kasoro. Likiwa chini ya 0.5, soksi za kubana zisitiwe kabisa. Na hapa pana mtego ambao Bibi Muuguzi aliupigia mstari mara mbili. Kwa watu wa sukari mishipa huweza kuwa migumu hata isibonyezeke na kipimo, na jawabu likatoka kubwa, 1.3 au zaidi. Ukiliona hilo usishangilie. Hesabu imedanganya, na inapasa kupimwa msukumo wa damu katika kidole gumba cha mguu.

Tena, uvimbe una sababu nyingi. Waweza kutoka katika mishipa irudishayo damu, au katika moyo uliochoka, au katika mafigo, ambayo kwa watu wa sukari huharibika mara nyingi. Hata vidonge vingine vya msukumo wa damu, kama amlodipini, huvimbisha miguu. Moyo ukiwa dhaifu sana, kuyasukuma maji ya miguuni yapande juu ni kuuongezea mzigo. Na ukivimba mguu mmoja tu, ukawa na joto kuliko mwenziwe, huo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni damu iliyoganda ndani. Huenda ni sumu ya kidonda kilichofichika. Au huenda ni ugonjwa ulioitwa kwa jina la Mfaransa Charcot, ambapo mifupa ya mguu usio na fahamu huvunjika na kusagika huku mtu anatembea juu yake bila maumivu makubwa. Huo hufungwa plasta na kupumzishwa, ama mguu hupinda moja kwa moja.

Sisemi kwamba kila mwenye sukari asiziguse soksi za kubana. Wapo waliopimwa, damu yao ikaonekana njema, wakaandikiwa zile nyepesi, na zimewafaa. Aliyeandikiwa apimwe mguu asubuhi kabla haujavimba: kifundo, shavu la mguu, na urefu hadi goti. Azivae asubuhi, azivue usiku. Asizikunje juu kamwe, maana mkunjo hugeuza soksi kuwa kamba. Azinyoshe pasibaki kikunyanzi. Asivae jozi mbili, asivae juu ya kidonda ila kwa amri ya daktari, asiazimane na mwenziwe, wala asinunue za mitumba, kwa kuwa hazijulikani nguvu yake wala zilikuwa za nani. Kwa kawaida nguvu yake huisha baada ya miezi 6 hivi. Vidole vikipoa, vikigeuka rangi, au ganzi ikizidi, zivuliwe mara moja. Na yule ambaye miguu yake haina fahamu asitegemee kusikia. Lazima macho yafanye kazi ya maumivu, na soksi zivuliwe mchana pia ili ngozi itazamwe.

Utajuaje kama fahamu ingalipo? Hospitalini hutumia uzi mgumu wa nailoni unaopinda ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10. Nyumbani iko njia iliyobuniwa huko Ipswich, Uingereza, isiyohitaji chombo. Mgonjwa afumbe macho. Mwenziwe amguse kwa ncha ya kidole, polepole sana, kwa muda wa sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kupapasa, kwenye ncha ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu. Jumla ni mahali 6. Asipohisi 2 au zaidi, mguu huo uko hatarini. Nilimfanyia mama baada ya kutoka hospitali. Kwa sababu ya vidole vilivyokatwa tuligusa 5 tu, naye akahisi 1.

Utunzaji wa kila siku ni mwepesi kuueleza, lakini kuushika ndiyo kazi. Miguu ioshwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu yaliyojaribiwa kwa kiwiko, isirowekwe. Ikaushwe vizuri katikati ya vidole. Ipakwe mafuta juu na chini ili isipasuke, lakini si katikati ya vidole, maana unyevu hukaa hapo na kuozesha. Itazamwe yote, na nyayo zitazamwe kwa kioo, au mjukuu aitwe aangalie. Mama yangu hutazamwa na mtoto wa darasa la pili, na hakuna daktari aliye mkali kuliko yeye. Katika ngozi yetu nyeusi wekundu usemwao vitabuni mara nyingi hauonekani. Tafuteni joto, uvimbe, harufu, na mahali palipokuwa peusi zaidi au pang'aavyo kuliko jirani yake.

Kucha zikatwe kwa usawa, zisichimbwe pembeni. Sugu isikatwe kwa wembe, wala isichomwe kwa dawa za barabarani. Chini ya sugu mara nyingi mna kidonda tayari. Kule nyumbani, kwenye vumbi na funza, mwenye sukari asijitoe funza kwa pini au mwiba, aende dispensari. Kukaa karibu na mafiga ili miguu ipate moto, jambo tulipendalo sana milimani wakati wa baridi, kumewaunguza wengi ambao hawakujua mpaka asubuhi. Asitembee peku hata chumbani. Akala zina sifa ya kudumu, lakini misumari yake hutokeza. Na champali za mpira haziukingi mguu na kisiki. Kiatu kiwe na nafasi mbele, kinunuliwe jioni mguu ukiwa umetanuka, kivaliwe saa moja tu siku ya kwanza, na kila asubuhi kikung'utwe na kupapaswa ndani kwa mkono. Katika kiatu cha mzee mmoja wa Chama hiki, aliye hapa na anayetabasamu, palionekana kifuniko cha soda alichokikanyaga tangu Jumapili hadi Jumanne.

Na jeraha likionekana, hata dogo kama punje ya mtama, lisafishwe, lifunikwe kwa kitambaa safi, mtu apunguze kutembea, akaonwe na mganga siku hiyo au ya pili yake. Asingoje liume. Lisilouma ndilo la kukimbilia. Kidonda chenye harufu, au homa, au kidole kilichogeuka cheusi, ni safari ya usiku huo huo, na nauli ikikosekana nijulisheni. Kamati imekubali nitoe nauli ya namna hiyo bila kungoja kikao.

Kwa leo, Bibi Muuguzi ataketi kwenye meza iliyo karibu na dirisha mara baada ya chai. Ana uzi ule wa gramu 10, na atawapima wote wenye sukari, pamoja na wasiojua kama wanayo. Dada yangu atashika daftari la majina, nami nitakuwa mlangoni na beseni, sabuni na taulo, kwa hiyo asiwepo wa kusema hakujiandaa. Wenye soksi zilizotoboka wasione haya. Mimi zangu zina matundu mawili, na nitakuwa wa kwanza kuzivua.